Mlango Uliosubiri Umeme

Musoma,
5 Julai 1992

Mdogo wangu Bernado,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye nyumba yako ambayo hujaiona. Sisi wazima. Kikohozi cha baba kimeisha. Shangazi Wankyo wa Butiama anakusalimu, miguu inamsumbua ila mdomo uko vilevile. Baba mdogo Ngolo amemaliza kuvuna pamba kule Bugwema, ametuletea gunia zima la viazi. Mimi mwaka huu nimepewa Darasa la Tatu, watoto themanini na mmoja kwenye madawati ishirini. Nikiingia asubuhi naona kama nimeingia kwenye zizi, Mungu anisamehe.

Sanduku lako limefika. Limekaa njiani miezi mitano, lakini kila kitu kilikuwemo: mota, reli, mnyororo, na ile transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Nilimwita Ryoba kutoka Bunda. Unamkumbuka? Mtoto wa marehemu Magige aliyekuwaga mlinzi pale kwenye yadi ya ushirika. Sasa ni fundi umeme, ana kipara. Alisoma michoro yako siku nzima bila kugusa chombo, siku ya pili akafunga.

Bernado, ungeona. Baba alibonyeza kile kitufe, mlango ukakohoa kidogo, ukaanza kupanda wenyewe kipande kwa kipande mpaka ukalala kule juu darini. Majirani walijaa uwanjani. Mama Getruda alijifunika kitenge usoni, akasema nyumba hii imeingia jini. Baba akamwambia, "Siyo jini. Ni mwanangu injinia." Kila anayepita lazima aonyeshwe. Pikapu yake ya Datsun inatoka na kuingia mara nne kwa siku na haina safari yoyote.

Unakuja lini? Nyumba ina vyumba vinne, na kimoja tumekiacha kitupu.

Dada yako,
Pelagia

Bernado, mimi baba yako nipo. Mlango ni mzuri. W.

*

Winnipeg, Kanada,
30 Agosti 1992

Dada Pelagia,

Barua yako niliisoma nikiwa bado nimesimama kwenye sanduku la posta, nikairudia ndani, kisha nikaisoma tena kitandani. Mimi mzima. Huku ni mwisho wa kiangazi, watu wanaanza kupanga kuni na kufunga madirisha. Afya nzuri, kazi nzuri.

Kusikia jina la Magige kumenirudisha mbali. Unakumbuka Bunda, ile nyumba yetu ya vyumba viwili nyuma ya yadi ya ushirika? Lori la baba likitoka Guta na marobota ya pamba, alikuwaga anapiga honi pale kwenye kona ya mkuyu, mara tatu. Mimi na wewe tunaacha chochote. Siku moja uliacha ugali jikoni ukaungua mpaka sufuria ikatoboka, mama akakufukuza na mwiko. Tulikimbia kusukuma lile geti la mabati kabla Magige hajaamka, wewe kulia, mimi kushoto. Baba anapita katikati bila kututazama, anajifanya dereva wa serikali. Halafu akishuka anatutoa nyuzi za pamba kwenye nywele, ingawa yeye ndiye aliyejaa pamba.

Na furu wa kukausha wa marehemu mama! Nimekula samaki wa kila bahari hapa, sijapata kitu kinachofanana na furu wale wadogo wenye mifupa wa Mugango, na ule mchuzi wa karanga.

Jambo moja nilisahau kuandika kwenye michoro. Ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli msiiondoe. Umeme ukikatika, mtu aliyeko ndani anaivuta, mlango unaachana na mota, anaunyanyua kwa mkono. Gereji ile niliichora bila mlango wa pembeni kwa sababu uliniandikia habari za wezi, kwa hiyo kamba ndiyo kila kitu.

Kuhusu kuja, tuombe Mungu. Kazini bado hawajanipa nafasi.

Ni mimi,
Bernado

*

Musoma,
13 Desemba 1992

Mdogo wangu Bernado,

Habari za baridi? Tunasoma kwenye gazeti kwamba huko hata maji ya mto yanasimama. Sisi tuko salama. Mvua zimechelewa. Shangazi Wankyo amenunua redio na sasa anajua mambo ya Urusi kuliko ya Butiama.

Uliuliza furu. Furu wamekwisha, Bernado. Sangara amewamaliza wote ziwani. Na sangara mwenyewe, minofu inachukuliwa na viwanda inapanda ndege kwenda kwa watu wa huko kwenu, sisi tunauziwa mapanki, mifupa na vichwa. Juzi nilimweleza mtoto mmoja darasani ladha ya furu, akaniangalia kama namsimulia habari za Nuhu.

Umeme sasa ni wa mgao. Wanasema mabwawa yamekauka. Unakatika asubuhi unarudi jioni, siku nyingine haurudi. Kwa hiyo ule mlango umetusumbua kidogo. Je, kuna namna ya kuufanya ufunguke bila umeme wa nguzo? Niulizie huko.

Baba hajambo. Yuko kwa baba mdogo Ngolo, Bugwema, amekwenda kupumzika.

Krismasi njema.

Pelagia

*

Winnipeg,
24 Januari 1993

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Huku ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Ukitoka na nywele mbichi zinavunjika kama vijiti. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kuna vitu sivielewi. Baba yuko Bugwema kupumzika. Kupumzika na nini? Alisema mwenyewe miaka yote kwamba akistaafu anataka kukaa mahali penye taa na bomba. Na chini ya barua hakuna mstari wake. Tangu niondoke mwaka 1979 hujawahi kuniletea barua isiyo na mstari wa baba, hata ile ya mwaka themanini na mbili uliyoandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji kwa sababu madaftari yalikuwa hayapatikani. Alikuwa na homa akaandika "nipo".

Mlango umewasumbua kidogo. Kidogo vipi? Hamkuvuta kamba?

Jibu la swali lako ni kwamba namna ipo. Hapa umeme ukikatika wakati wa theluji, wazee wanakwama na magari ndani. Tunawafungia kisanduku cha betri. Umeme ukiwepo betri inajazwa polepole. Ukikatika, betri inachukua kazi bila kuulizwa, mlango unapanda kama kawaida mara kumi, kumi na tano. Nakutengenezea kimoja mwenyewe, cha kutumia betri ya gari, maana hizo zinapatikana Musoma. Ndani kina inveta inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota. Ryoba ataelewa.

Lakini kwanza nijibu kuhusu baba.

Bernado

*

Musoma,
9 Mei 1993

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Februari. Nimeiweka chini ya Biblia miezi mitatu. Salamu zako nimezipeleka, na wote wanakusalimu. Sina habari nyingine za kuzungusha, kwa hiyo naandika.

Kamba haikuwepo. Niliikata mimi.

Wiki ya pili tu baada ya Ryoba kufunga, ile kamba ilinasa kwenye vyuma vya turubai la pikapu. Baba alirudi nyuma akaivuta na gari, mlango ukaachia, ukashuka ukamkwaruza boneti. Nikamwambia Ryoba aikate, mtu mzima asije akapondwa. Ryoba alikataa. Alisema, "Mwalimu, hii imewekwa na mwenye akili." Nikamjibu mwenye akili yuko Kanada, anayeishi hapa ni mimi. Akaikata. Barua yako ya Agosti ilifika Oktoba. Niliisoma, nikasema nitamwita Ryoba shule zikifunga.

Tarehe ishirini na sita Novemba, Alhamisi, baba aliingia gereji saa nne asubuhi kuosha pikapu. Upepo wa ziwani ulikuwa unaleta vumbi, akafunga mlango kwa kitufe. Umeme ukakatika naye ndani.

Unajua gereji yako ilivyo. Kuta za matofali, bati juu, hakuna hata dirisha. Alijaribu kuunyanyua mlango, mota imeushika. Aligonga kwa spana. Injini hakuiwasha, anajua moshi unaua. Akaanza kupiga honi.

Bernado, mimi niliisikia.

Saa sita mchana nilipita nyumbani kuchukua madaftari niliyosahau. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikasikia honi ya Datsun gereji. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nikasema, mzee leo anachezea gari lake. Nilicheka peke yangu. Hata niliikumbuka Bunda, ule mkuyu, nikafurahi moyoni. Nikachukua madaftari yangu nikarudi shule.

Majirani nao waliisikia. Wote walijua mzee anaupenda mlango wake. Baadaye betri ya gari ikaisha, honi ikanyamaza.

Umeme ulirudi saa kumi, akabonyeza akatoka. Nilipofika nilimkuta amekaa chini uwanjani, shati amelivua, mikono imevimba kwa kugonga. Hakunilaumu. Alisema maneno mawili tu, "Nimeita sana." Kisha akasema nimpeleke kwa Ngolo. Hakulala tena kwenye nyumba yako hata siku moja. Pikapu bado imo ndani. Kila nikileta karatasi aweke mstari wake ananiambia kalamu haina wino.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utajilaumu kwa kuchora nyumba isiyo na mlango wa pembeni. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mtoto mdogo wa miaka saba alikuwa anakimbilia ile honi. Mimi mwenye miaka thelathini na minane nilichukua madaftari.

Usitume hicho kisanduku. Atakayebonyeza ni nani?

Pelagia

*

Winnipeg,
20 Juni 1993

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baba mzima, na Ngolo, na shangazi.

Usijilaumu peke yako. Nitakueleza mambo niliyoyaficha miaka kumi na mmoja, kisha utapima nani mwenye aibu kubwa.

Mimi siyo injinia. Nilipelekwa kusomea mitambo ya kilimo, hilo ni kweli. Mwaka wa pili nilifeli hesabu, nikarudia, nikafeli tena, chuo kikanitoa. Ilikuwa Aprili 1982. Barua yako ya karatasi ya saruji ilinikuta siku hiyohiyo. Ulieleza kwamba mnapanga foleni ya sabuni, lori la baba limelala juu ya mawe kwa kukosa matairi, na baba anawaambia watu Bunda nzima kwamba tuvumilie tu, Bernado anarudi na ujuzi. Ningerudije? Na kipi?

Nikabaki. Bila karatasi halali kwa miaka tisa. Nimeosha vyombo, nimezoa theluji, halafu fundi mmoja mzee akanichukua kumsaidia kufunga milango ya magereji. Hiyo ndiyo "kampuni ya mitambo". Nilipanda ngazi, nikafunga springi, nikapaka grisi. Ninaijua kazi hiyo vizuri, dada, siioni aibu ninapokuwa kazini. Aibu inakuja nikishika kalamu.

Ile mota niliyowatumia nilipewa na mama mmoja aliyetaka mpya. Niliisafisha wiki mbili, nikabadili mnyororo. Nilifikiri: kama siwezi kuwepo kumfungulia baba mlango, basi kitu changu kiwepo. Ndivyo nilivyofikiri, na wakati nafikiri hivyo nilichora kuta nne bila upenyo.

Karatasi zangu za kuishi hapa nilizipata mwaka juzi. Kwa hiyo habari ya kazini hawanipi nafasi siyo kweli. Nafasi ninayo. Nilikuwa naogopa.

Kisanduku kimeisha. Nimekijaribu kwenye mlango wa bosi wangu tukiwa tumezima umeme wa nyumba nzima. Kimeunyanyua mara kumi na mbili. Hakiji kwa posta. Nakuja nacho mwenyewe, mwezi wa Desemba.

Je, nimwandikie baba kwanza haya yote?

Bernado

*

Musoma,
12 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mvua za vuli zimeanza vizuri.

Usimwandikie. Haya mambo ukiyaweka kwenye karatasi atasomewa na Ngolo, na Ngolo akisoma barua anasoma kwa sauti ya kwaya. Njoo useme kwa mdomo wako.

Nililia, halafu nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nakufanyia hesabu za Darasa la Nne ili usichapwe, nikacheka. Basi kwenye kosa lako hilo nami nina hisa.

Njoo. Chumba kile bado kitupu.

Pelagia

*

Bugwema,
Jumapili, 16 Januari 1994

Dada Pelagia,

Shikamoo. Natumaini shangazi Wankyo ameanza kukanyaga. Pole kwa kuuguza. Krismasi tulikuwa wote, tukala, tukaimba, na sote tukaogopa kusema. Baba aliniita "injinia" mbele ya wageni mara sita, nilihesabu. Halafu ukaitwa Butiama ukaniachia mzigo. Kuna mtu anapanda basi kesho asubuhi, atakuletea hii. Sitaki uyasikie kwa Ngolo.

Nilimwambia Jumatatu. Alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mbegu za pamba. Nilikaa chini nikasema kila kitu, chuo, kufeli, vyombo, theluji, milango. Hakusimamisha mikono. Nilipomaliza aliuliza, "Mama yako alijua?" Nikasema hakujua. Akasema, "Ni vizuri." Akaendelea na mbegu zake. Siku ile na iliyofuata hakunisemesha. Ngolo naye alikaa kimya, ujue mambo yalikuwa makubwa.

Jumatano asubuhi nilimkuta amevaa koti. "Twende Musoma," akasema. "Nikaone ulicholeta."

Ryoba alikuwa ameshakuja tangu wiki iliyotangulia kunisaidia. Tulikuwa tumefunga kisanduku ukutani, betri kubwa ya lori chini yake, chaja ikifanya kazi. Tumerudisha kamba nyekundu pia, fupi, imefungwa mahali ambapo turubai haliigusi. Ryoba alipomwona baba alivua kofia akaanza kuomba radhi kwa kuikata. Baba akamkatiza, "Wewe ulikataa. Niliambiwa." Basi dada, kumbe ulimwambia. Hukuniandikia hilo.

Baba hakuingia. Alisimama pale uwanjani akaangalia ule mlango kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyewahi kumpiga pembe. Akaniambia, "Ingia wewe."

Nikaingia.

"Funga."

Nikabonyeza, mlango ukashuka. Nikamsikia anamuuliza Ryoba swichi kubwa ya nyumba iko wapi, kisha nyayo zake, kisha taa ya gereji ikazimika.

Sikubonyeza mara moja. Sijui kwa nini. Nilitaka kukaa kidogo. Joto linashuka kutoka kwenye bati linakukalia kichwani. Kuna harufu ya mpira na mafuta. Nilipapasa mlango, nikagusa mahali palipobonyea, vibonyeo vingi vidogo kwenye kimo cha kifua cha baba. Dada, nilivihesabu kwa vidole mpaka nikashindwa kuendelea. Nikajua baba ananisubiri, na mimi ndiye niliyemsubirisha miaka kumi na minne na siku moja ya Novemba.

Ndipo nikabonyeza. Kisanduku kikavuma kama nyuki, mota ikashtuka, mlango ukapanda. Nyumba nzima haina umeme na mlango unapanda. Ryoba alipiga makofi. Baba alikuwa amesimama palepale, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Umekaaje humo?" akaniuliza.

"Joto, baba."

"Dakika tano."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikaa masaa sita." Akaangalia mikono yake. "Nilikuwa nawaita nyinyi wote wawili. Nilijua wewe uko mbali, lakini nilikuita na wewe. Mtu akifungiwa anakuwa hana akili."

Nilipiga magoti nikashika miguu yake pale mlangoni. Aliniweka mkono kichwani, ule wa kulia, vidole viwili havikunjiki sawasawa tangu siku ile. Hilo pia hukuliandika.

Aliingia gereji mwenyewe baadaye. Alibonyeza, mlango ukashuka, akabonyeza, ukapanda. Mara mbili. Akauliza betri itadumu miaka mingapi, nikasema mitatu, minne ikitunzwa, na maji yake yaangaliwe kila mwezi. Akauliza ikifa siku mgao ukiwepo? Nikamwonyesha kamba. Na kamba ikikatwa? Ryoba akaangalia chini. Baba akaenda ukutani, upande wa jikoni, akachora kwa mkaa umbo la mlango, kimo chake na upana wa mabega yake.

"Toboa hapa," akasema. "Mlango wa mbao, kitasa cha kawaida. Mashine yako nimeikubali, lakini mimi nimekuwa dereva miaka thelathini. Gari zuri lina breki ya mguu na breki ya mkono."

Tulitoboa siku mbili, mimi na Ryoba. Ukirudi utakuta vumbi la matofali mpaka kwenye sukari, utusamehe. Pikapu imewaka kwa betri mpya, na Ijumaa jioni alituendesha kuja huku Bugwema mwenyewe, polepole, akinionyesha mashamba. Hapa palikuwa pa fulani, pale lori lilizama mwaka 1974 likavutwa na ng'ombe kumi na wawili. Nilimwambia nakumbuka wale ng'ombe. Alifurahi. Tulizungumza habari za mama njia nzima. Alisema mwaka themanini na tatu, wakati dukani hakuna kitu, mama alikuwaga anachemsha majani ya mchaichai na kuyaita chai ya Bernado, kwa sababu wewe ulikuwa unasoma barua zangu kwa sauti wakati wa kunywa. Sikujua. Nilikuwa naandika uongo, na huku watu walikuwa wanaufanya sukari.

Leo ndiyo nataka hasa kukueleza.

Tumekwenda Misa. Kanisa lilijaa, wengine wamekaa nje. Baada ya komunyo katekista alisoma matangazo, akauliza kama kuna mwenye neno. Baba akasimama. Nikataka ardhi ipasuke. Unajua baba hasemi kanisani.

Akasema, "Mimi ni Wanzagi, mnanijua. Miaka mingi nimewaambia nina mtoto injinia Kanada. Wengine nimewatambia mpaka mkachoka. Mtoto mwenyewe huyu hapa. Bernado, simama." Nikasimama. "Siyo injinia. Alishindwa shule, akaona haya, akakaa huko peke yake bila ndugu akifanya kazi za mikono. Ni fundi wa milango. Kazi yake nimeijaribu, ni fundi kweli. Kwa hiyo yale niliyowaambia mwanzo nayafuta, mshike haya ya leo. Nimemaliza."

Akakaa. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, wengine wakafuata, hata padri akacheka. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Ngolo ndiye aliyenivuta shati nikae.

Tulipotoka nje nilifikiri watu watanikwepa. Akaja bibi Benedikta, yule mjane wa karibu na kisima, akanishika mkono bila salamu. Akasema mlango wake umeliwa na mchwa chini, haufungi tangu mvua za mwaka juzi, analala ameegemeza kinu. Akaniuliza kama fundi wa Kanada anagusa milango ya huku. Nyuma yake kulikuwa na mzee mwingine anasubiri kusema lake.

Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe ishirini na mbili. Kesho kutwa nitakwenda posta Musoma kupiga simu waisogeze mbele mpaka Pasaka. Umwambie shangazi.

Kalamu nampa baba, anataka kuweka mstari wake. Mbao za Ngolo zipo mlangoni, nyundo ipo, misumari tumepata.

Ni mimi mdogo wako,
Bernado

Pelagia, mimi baba yako nipo. Mwalimu, usilie, rudi Musoma. Huyu nimemwambia amalize kuandika twende kwa Benedikta, hata fundi aliyesoma Kanada hatakiwi kumchelewesha mteja. W.